Nilichapisha bango la ukoo wetu, picha moja nusura ivunje ndoa yangu

Wakuu, salamu kwa wote, wa Bungoma, wa Kitale, na nyinyi mnaosoma hii mkiwa ofisini na mnajifanya mnaandika ripoti.

Haya yalinipata mimi mwenyewe, mwaka huu huu. Majina ya watu nimebadilisha, na ukoo wa wakwe sitautaja kwa sababu Bungoma ni ndogo. Mengine yote ni kama yalivyokuwa. Anayetaka kuniapisha alete Biblia.

Kwanza mnijue. Mimi ni mtoto wa Bumula. Nina diploma ya umeme niliyojilipia mwenyewe kwa kuuza mitumba sokoni. Nikaenda Doha, nikaanza kama fundi wa mitambo ya baridi, nikamaliza nikiwa nasimamia mafundi wa nchi tofauti tofauti. Nimerudi. Nyumba ya mawe iko Bumula, tiles mpaka jikoni. Duka la vifaa vya umeme liko Kitale mjini. Hakuna mtu anaweza kusimama aseme alinishika mkono.

Sisemi hivyo kujisifu. Sawa, ni kujisifu kidogo.

Kilichokuwa kimebaki ni mke. Nikampata Everlyne, mwalimu, kwao ni Ndalu. Mwanamke wa maneno machache, anacheka na macho. Alikuja dukani kununua soketi, akarudi kesho yake kuilalamikia, na kumbe soketi haikuwa na shida yoyote. Nyinyi wenyewe mnaelewa.

Siku ya kwenda kwao ikapangwa. Na hapa ndipo akili yangu ya kisomi iliniponza.

Niliona watu wengi wakienda kwa wakwe na maneno tu. Mimi nikasema nitaenda na ushahidi. Nilikuwa nimeanza kufuatilia ukoo wetu nikiwa Doha. Nilikuwa na app ya kuchora family tree, na niliporudi nikakusanya kila karatasi ya familia: kadi za ubatizo, vitambulisho vya marehemu, eulogy za kila mazishi, na picha zote zilizokuwa kwenye sanduku la bati la mama yangu. Nikaziscan moja moja.

Sehemu moja tu ilikuwa na giza. Mama yake baba.

Sisi tunamwita Kukhu Marita, yaani nyanya Marita. Alikufa kabla sijazaliwa. Eulogy ya babu inamtaja kwa maneno mafupi sana: "mkewe marehemu Marita, wa Kitale." Kadi yake ya ubatizo ina jina la shamba la mzungu walikokuwa wakifanya kazi wakati wa ukoloni, na mahali pa jina la baba yake hapana kitu. Babu alikuwa dereva wa trekta kwenye shamba hilo. Marita alizaliwa huko huko, kwenye kambi ya wafanyakazi. Baadaye babu akarudi Bumula na mke na watoto. Basi, hadithi inaishia hapo.

Ukimuuliza mzee wangu, anasema, "Alikuwa mtu wa Kitale." Kana kwamba Kitale ni ukoo.

Lakini nilikuwa na picha moja nzuri sana. Ni ya mzee wangu akiwa kijana, siku moja kabla ya kutahiriwa. Nyuma yake kuna josho la ng'ombe la shamba. Amepakwa unga, ameshika njuga, na shingoni amevaa luliki.

Kwa ambao si Wabukusu: kijana anapotahiriwa, siku iliyotangulia anaenda kwa mjomba wake, kaka wa mama yake. Mjomba anachinja ng'ombe, anakata ukanda mrefu wa nyama ya kidari na kumvisha shingoni. Hiyo ndiyo luliki. Anarudi nayo kwao akiimba. Nyama hiyo inaambia dunia nzima kwamba mama yake ana kwao, na kwao wanamtambua huyu mtoto.

Kando ya mzee kwenye picha amesimama mwanamume mrefu mwenye koti, mkono umewekwa begani kwa kijana. Huyo hata huulizi ni nani. Nani mwingine anasimama na kijana mwenye luliki? Nikaandika chini yake kwa herufi kubwa: BABA NA MJOMBA WAKE, KITALE.

Bango likachapishwa Bungoma mjini, refu kuliko mlango. Mzee wangu hakuliona. Nilitaka iwe surprise.

Tukafika Ndalu. Hema, viti vya plastiki, chai, mandazi. Nikatundika bango langu kwenye ukuta wa nyumba, watu wakalizunguka wakipiga picha na simu. Mashangazi wa Everlyne wakasema, "Huyu kijana amesoma kweli." Mimi huyo, nimesimama kando na suti, nimekunja mikono.

Mzee wangu akaliona. Akaliangalia kwa muda mfupi, kisha akaenda kukaa kiti cha mwisho kabisa. Nikadhani amechoka na safari.

Halafu akaja Mzee Simiyu, baba mdogo wa Everlyne. Ndiye msemaji wa kwao kwa sababu baba yake Everlyne alishafariki. Akavaa miwani. Kwenye bango akapita picha ya babu, akapita za mashangazi zangu, akafika kwenye ile ya luliki. Akasimama.

Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

"Kijana," akaniita, "huyu mtu mwenye koti umemtoa wapi?"

"Huyo ni mjomba wa baba, mzee. Upande wa Kukhu Marita."

"Huyu ni baba yangu."

Wakuu, watu waliacha kutafuna.

Mzee Simiyu akageukia watu wake. "Njooni muone. Si huyu ni Kisiangani? Si hili ndilo koti alizikwa nalo?" Wazee wakaja, wakatikisa vichwa kwamba ndiye. Marehemu Kisiangani alikuwa amefanya kazi kwenye shamba lile lile, na lilipogawanywa akahamia Ndalu.

"Basi kama baba yangu ndiye alimpa huyu mzee luliki," akasema Simiyu polepole, "nyanya yako ni shangazi yetu. Na kama nyanya yako ni wa kwetu, wewe umekuja kuoa kwa nyanya yako."

Kwetu huoi ukoo wa baba, ukoo wa mama, wala koo za nyanya zako wawili. Hakuna faini ya kulipa. Hakuna mchungaji wa kukuombea ipite. Watu wanaamini watoto wa ndoa kama hiyo hawadumu, na hata asiyeamini hatampeleka binti yake huko.

Nikamtafuta mzee wangu aseme jambo. Kiti cha mwisho kilikuwa wazi. Alikuwa amekwenda kusimama kando ya gari.

Everlyne alikuwa mlangoni na leso yake mpya. Aliangalia bango, akaniangalia mimi, akaingia ndani. Mashangazi wakaanza kukusanya vikombe ambavyo vilikuwa bado na chai.

Tukiwa njiani kurudi nilimuuliza mzee, "Papa, ni kweli?"

"Wewe si ndiye umeandika? Soma bango lako."

Hayo tu. Mpaka Bumula.

Everlyne alinitumia ujumbe kesho yake. Aliandika kwamba ananipenda, lakini hawezi kuzaa mtoto ambaye watu watamwangalia kando kila akiumwa na kichwa. Kama ni mwiko, nisimpigie tena. Halafu akaongeza kwamba wazee wao wameshapanga siku ya kurudisha blanketi, koti na sukari yote tuliyopeleka. Kwetu zawadi zikirudishwa, hiyo habari imekwisha.

Sasa nikawa na kazi moja tu: kujua Marita alikuwa binti wa nani kabla ya siku hiyo.

Nilimfuata mzee zizini. Nikamwambia maisha yangu yako mikononi mwake. Akaendelea kukamua. Nikapandisha sauti, jambo ambalo sijawahi kumfanyia. Akaniambia bila kugeuka, "Utamshtua ng'ombe." Mama yangu naye akaniapia kwamba katika miaka yote ya ndoa yao hajawahi kuambiwa mama mkwe wake alitoka ukoo gani. Aliuliza mara moja tu akiwa bibi arusi, na chakula hakikuliwa siku hiyo.

Nikasema sawa, mimi ni mtu wa research. Nikafunga duka, nikaanza na parokia ya Kitale iliyoandikwa kwenye kadi. Karani alinisaidia vizuri tu. Kitabu cha zamani kipo, Marita yumo, lakini zaidi ya kadi hakina kitu: jina la ubatizo, shamba, mfanyakazi. Ukoo hawakuandika. Kwa mzungu na padri wake, hawa wote walikuwa watu wa shamba.

Nikaenda kwenye shamba lenyewe. Siku hizi ni vipande vya mahindi, kila mtu na ua wake. Josho bado liko, limejaa maji ya mvua na vyura. Nikasimama mahali mzee wangu aliposimama, nikaishika picha mbele ya macho mpaka ukuta wa picha na ukuta wenyewe ukalingana.

Nilitegemea nini? Sijui. Mtu akilipa nauli na kuchafua viatu anaona kama anadai jibu.

Waliokuwa na mashamba pale walikuja baada ya kugawanywa. Hakuna aliyemjua Marita. Mmoja aliniambia, kwa heshima, kwamba wanawake wa kambi za zamani hata makaburi yao yameshalimwa. Nikarudi mjini nikakaa kwenye gari bila kuiwasha.

Karatasi zote hazikusema kitu, na ile picha peke yake ndiyo ilikuwa inasema kwa sauti kubwa: wajomba wa mzee wangu ni watu wa Everlyne. Nilianza kuzoea wazo la kumpoteza. Usiku sikulala, mchana sikula, na ujue mimi ni mtu wa kula.

Siku ya kurudisha zawadi ikafika. Ilikuwa twende mimi na wazee wawili wa ukoo, kwa sababu mzee alikuwa amesema haendi. Asubuhi nikamkuta ameketi kwenye gari, kiti cha mbele, amevaa kofia yake ya kanisani.

"Endesha," akasema.

Ndalu safari hii hakukuwa na hema. Walitupokea sebuleni. Blanketi, koti na sukari vilikuwa mezani, vimefungwa vile vile. Everlyne alikuwa amekaa nyuma pamoja na senge wake, yaani shangazi yake, Mama Roselida, mama mmoja mnene mwenye sauti ya mwalimu wa kwaya. Mzee Simiyu akafungua kwa sala, kisha akasema hawana ubaya na sisi, ni damu tu imetukatalia.

Mzee wangu akasimama. Akavua kofia.

"Ile luliki mnayoiona kwenye picha," akasema, "ilikuwa ya kuazima."

Hakuna aliyeelewa. Hata mimi.

"Mama yangu hakuwa Mbukusu. Jina lake lilikuwa Chemtai. Alikuwa mtu wa mlimani, Msabaoti. Watu wake walikuwa wafanyakazi kwenye shamba, na ng'ombe wao. Mzungu alipoamua wafanyakazi wapunguze ng'ombe, wao wakakataa, wakapanda Elgon na mifugo yao. Mama alibaki kwa sababu alikuwa ameshaolewa na ana mimba yangu. Hatukuwaona tena. Wengine walisema walivuka Uganda.

"Nilipofika kutahiriwa, baba alituma watu mlimani wawatafute wajomba. Wakarudi mikono mitupu. Kijana bila mjomba ni nini? Mnajua nyimbo za kumcheka zinazoimbwa. Baba akamwomba jirani yake, Kisiangani, asimame mahali pa mjomba. Akakubali. Akachinja ng'ombe wake mwenyewe. Alikuwa mtu mwema."

Nilikuwa sijawahi kumwona mzee wangu akitafuta maneno.

"Hii habari nimeificha kwa sababu nilizoea kuficha. Miaka ile ya fujo za mlimani, mtu aliulizwa mama yake ni wa wapi, na jibu lingeweza kumuua. Lakini pia niliona aibu. Mke wangu hajui. Watoto wangu hawajui."

Mimi moyo ulikuwa umeruka. Nyanya si wa kwao! Nilitaka kusimama nishangilie. Nikamwangalia Everlyne, naye ameshika mdomo.

Lakini Mzee Simiyu akatikisa kichwa.

"Pole kwa hayo, mzee. Lakini umeongeza shida. Luliki si koti la kuazima. Aliyekuvisha nyama ndiye mjomba wako. Umekula nyama ya baba yangu, wewe ni mpwa wetu, damu iwe ya mlimani au ya wapi. Na mtoto wa mpwa haoi hapa."

Wazee wao wakaguna kukubali. Hata wazee wetu wawili, wakuu, wakaguna! Mmoja akaniambia kwa sauti ndogo, "Hapo amesema."

Ukweli niliokuwa nikiutafuta Kitale nzima umetoka, na bado tumekosa.

"Sikuila," mzee wangu akasema.

"Ati?"

"Hiyo nyama. Niliivaa, sikuila. Kisiangani alinisindikiza mpaka kwenye josho, ndipo tukapigwa hiyo picha, akarudi kwa ng'ombe wake. Mama alikuwa ananingoja mbele ya nyumba. Wenzangu wanaimba, mimi naruka, yeye amesimama tu. Akaivua shingoni kwangu mbele ya watu wote. Akaiweka kwenye karai, akajitwika kichwani, akaenda nayo mwenyewe. Baba alimfokea njia nzima, hakugeuka. Asubuhi nikaingia mtoni kupakwa tope, shingo tupu. Nilisimama mbele ya kisu bila kutikisika, mnaweza kuuliza waliokuwepo, lakini nilisimama shingo tupu."

Mzee Simiyu alikuwa ameinamisha kichwa. Alipokiinua, uso wake ulikuwa umebadilika. Haukuwa uso wa huruma. Alikuwa amekasirika.

"Kwa hivyo ni mama yako!" akasema. "Ni yeye! Hilo karai mimi nililiona! Nilikuwa mtoto, nimekaa mlangoni napukuchua mahindi, mwanamke akaja akaweka nyama ya baba yangu miguuni pake kama takataka. Akasema, 'Asante, lakini mtoto wangu ana wajomba.' Akaenda zake. Baba yangu alilibeba neno hilo mpaka kaburini. Ng'ombe wake mzima! Hakuwahi kumtaja jina, alikuwa anasema tu yule mwanamke, yule mwanamke. Mbele ya shamba zima!"

Alikuwa amesimama, kidole karibu na uso wa mzee wangu. Nilidhani watashikana. Vijana wa kwao wakasogea.

Ndipo nyuma kukatokea sauti ya Mama Roselida, bila haraka.

"Simiyu, hebu keti uchague."

"Nichague nini?"

"Ama sisi ni wajomba wa hawa watu, ama tulikataliwa. Huwezi kuwa vyote viwili. Ukitaka kukasirikia karai, basi nyama ilirudi. Ukitaka nyama ikae, huna karai la kukasirikia."

Mtu mmoja alicheka, akajifanya anakohoa.

Mzee Simiyu akabaki amesimama. Aliangalia blanketi, akaangalia mzee wangu. Mkono wa Everlyne ulikuwa umeshika kiti cha shangazi yake kwa nguvu.

Mwishowe akaketi.

"Tulikataliwa," akasema.

Hakuna wimbo nimewahi kuupenda kuliko neno hilo.

"Lakini," akaongeza, "huyu mzee aombe msamaha kwa ajili ya mama yake."

Wote tukamgeukia mzee wangu. Nikamwomba kwa macho, Papa, sema tu pole tuende nyumbani na mke.

"Kwa ajili ya mama siwezi," akasema. "Yeye alikuwa na ndugu, na alijua ana ndugu. Sitamkana mara ya pili. Ila kwa ajili yangu mimi." Akamsogelea Simiyu, akampa mikono yote miwili. "Baba yako alinichinjia ng'ombe na hakuna mtu wa kwetu aliyemshukuru. Asante kwa nyama."

Mzee Simiyu aliishika mikono hiyo. Kisha akamwambia kijana wao, bila kuangalia upande wetu, "Peleka hilo blanketi ndani. Linapata vumbi."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, wakuu. Tarehe ya kupeleka ng'ombe wa mahari imepangwa. Everlyne amerudi kulalamikia soketi.

Bango limetolewa. Mzee aliniambia nisilichome, nikate tu yale maneno chini ya picha. Nimeyakata. Sijaandika mengine, kwa sababu bado sijui niandike nini.

Funzo langu ni hili, na nawaambia kama mtu aliyesoma: kadi, vitabu vya kanisa na picha vitakuonyesha nyanya yako alikuwa wapi na nani alisimama kando ya mwanawe. Havikuonyeshi alikubali nini na alikataa nini. Mimi nilikuwa na scanner, app na diploma, na mtu niliyekuwa namtafuta alikuwa amefichwa kwenye kinywa cha mzee mmoja zizini na hasira ya mwingine Ndalu. Waulizeni wazee wenu wakiwa hai. Wakikasirika, kaeni hapo hapo.

Siku hizi jioni mzee ananisimulia habari za mama yake. Kwamba alikuwa mrefu. Kwamba akikasirika alirudi kwenye Kisabaoti na hakuna aliyejua anasema nini. Juzi aliniuliza, kama mtu anayeuliza bei ya mbolea, safari ya mlimani kwa gari langu inachukua muda gani.

Kwa hivyo naomba comments zenu, hasa nyinyi wa Mlima Elgon, Kenya au Uganda. Kama kwenu kuna hadithi ya familia iliyopanda na ng'ombe kutoka mashamba ya Kitale wakati wa mzungu, ikamwacha binti nyuma na mume wake dereva wa trekta, andika hapa chini au nitafute inbox.

Jina lake ni Chemtai. Mwambieni yeyote wa kwao aliye hai kwamba aliwangoja, na hakukubali mtu mwingine achukue nafasi yao.